Kuta za Baba na Wageni Waliokuja Moja kwa Moja

Baba yangu amechora vichwa vya ng'ombe vingi kuliko ng'ombe waliowahi kuingia Nairobi kwa miguu yao. Kazi yake ni kuandika na kuchora kwenye kuta za watu: bucha, kinyozi, hoteli, duka la dawa, hata kanisa moja lililokuwa juu ya baa na likataka mshale mkubwa ili waumini wasikosee ngazi. Soko la Burma ulikuwa huwezi kulipita bila kutazamwa na ng'ombe wake kushoto na kulia, wote wakitabasamu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza wanachekelea nini, na ndugu zao wananing'inia kwenye ndoana hapo chini. Alisema ng'ombe mwenye huzuni hauzi nyama.

Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine. Mwenye duka anatuma picha kwa simu asubuhi, mchana bango limeshafungwa kwa kamba, na ng'ombe aliyemo ni wa Ulaya, mweupe na mweusi, anakula nyasi ambazo hakuna mtu wa Burma amewahi kuziona. Baba aliyaita mashuka. "Wameanika shuka tena," angesema tukipita barabarani, kwa sauti ya kusikika na mwenye duka. Mwenye duka angecheka na kumsalimia kwa heshima, lakini shuka lingebaki palepale.

Mama alikuwa ameshatutoka, na Baba alikuwa akikaa na mimi mtaa wa Umoja, Nairobi. Kaka yangu mkubwa, mwalimu huko kwetu Magharibi, alikuwa na nyumba tayari, ya matofali, yenye chumba cha Baba kinachoangalia zizi. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu kuuliza mzee anarudi lini, mtu wa umri ule anatafuta nini juu ya ngazi. Baba hakuwahi kumkatalia. Alimjibu jambo moja tu: atarudi nyumbani siku kuta zake zitakapokosa wasomaji. Kaka aliona hayo ni maneno ya kupitisha siku. Mimi niliyekaa naye nilijua ni ahadi, na nilijua angeitimiza.

Sasa niseme kuhusu tovuti yangu, kwa sababu ndiyo iliyotuingiza katika haya yote. Mwaka mmoja friji yangu ilikufa, nikatafuta fundi siku tatu. Aliyepatikana aliifungua, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akakiri kwamba yeye hasa ni fundi wa redio. Nilikasirika, na mimi nikikasirika huandika orodha. Nikaanza kuorodhesha mafundi wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi kama Umoja, Tena na Pipeline, niliohakikisha mwenyewe kuwa ni mafundi: wa friji, wa sofa, wa mabomba, wa cherehani. Orodha ikawa ndefu, nikaijengea tovuti, na watu wakaanza kuitembelea.

Ndani ya tovuti kulikuwa na kidude cha kuhesabu wageni, na hicho ndicho nilichokipenda kuliko kitu kingine chochote. Kilinionyesha kila mgeni ametokea wapi. Akitokea kwenye injini ya kutafuta, kilinionyesha hata maneno aliyoyaandika. Nilikuwa nikiyasoma asubuhi na chai. "Fundi wa sofa asiyedanganya siku." "Mtu wa kutoa panya pipeline gorofa ya saba." "Fundi wa kufuli haraka mke wangu asijue." Huyo wa mwisho nilimfikiria wiki nzima. Sikuwajua watu hawa, lakini niliwapenda, na nilikuwa na hakika kwamba baadhi yao tunapanga foleni moja ya maji.

Halafu maneno yakaanza kupotea. Pale yalipokuwa yakikaa, kidude kikawa kinaandika kwamba hayakutolewa. Baadaye hata wageni wenyewe waliotoka kwenye injini ya kutafuta wakaanza kupungua, wiki baada ya wiki, na mstari mwingine ukawa unanenepa. Mstari huo uliitwa "moja kwa moja".

Ilitokea kwamba mwezi uleule Baba alikuwa ameandika anwani ya tovuti yangu ukutani. Hakuniuliza. Alikuwa na rangi iliyobaki, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mtaa wa Tena alikuwa na ukuta mtupu upande wa barabara. Nilipopelekwa kuuona niliona herufi zinazonizidi urefu, nyekundu, zenye kivuli cha manjano, na mwishoni nyundo inayotabasamu. Nilimwambia hakuna binadamu anayesoma anwani ya tovuti ukutani. Aliniuliza kwa upole, kwani zinasomwa wapi.

Jioni hiyo akaniomba nimfungulie kidude. Akaona ule mstari mnene, akauliza maana yake. Nami, kwa kinywa changu mwenyewe, nikamweleza kwamba hao ni watu wanaoijua anwani, wanaoiandika wenyewe kwenye simu bila kutafuta.

"Na anwani wameitoa wapi, mama?" akauliza. Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Nikasema huenda ni ukutani.

Basi nikawa nimewasha moto. Aliandika ukuta wa pili Burma, ubavuni mwa bucha, na wa tatu Pipeline, chini ya jengo la gorofa nane, mahali ambapo watu husimama kungoja mtungi wao wa maji ujae. Na mstari ukazidi kunenepa. Baba aliamka mapema kuliko mimi ili autazame. Alimweleza kaka kwenye simu, spika ikiwa wazi: "Wanakuja moja kwa moja. Moja kwa moja, mwalimu. Hakuna anayewaonyesha njia." Kule Burma alinifanya nifungue simu mbele ya wauza nyama niwaonyeshe.

"Buda, hii ni noma," mmoja akasema kwa mshangao. "Ukuta inaita watu hivyo?"

"Ukuta haujawahi kunyamaza," Baba akajibu. "Nyinyi ndio mlioufunika shuka."

Bucha mbili ziliteremsha mabango yao ya plastiki mwezi huo, na Baba akarudi juu ya ngazi. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisa huku anapaka. Nilimshikia ngazi na nilifurahi sana, nisidanganye.

Ukweli niliujua kupitia fundi mmoja wa friji. Alinipigia akiwa amekasirika. "Madam, mimi nimekukosea nini? Mteja amefungua kwa tovuti yako, simu imemwambia si salama. Sasa ananiuliza kama mimi ni mwizi." Nikamweleza kwamba kinachosemwa si salama ni tovuti, si yeye. Alisema mteja hajui tofauti. Nikakaa siku nzima nikisoma kwa nini simu za watu zinaitukana tovuti yangu, na humo ndimo nilimokutana na jibu la jambo ambalo sikuwa nimeuliza.

Ilikuwa hivi. Zamani injini ya kutafuta ikikutumia mgeni ilimpa barua mkononi: huyu ametoka kwangu, na alikuwa anatafuta kitu fulani. Baadaye ikajifunga kufuli, ile ya usalama inayoonekana kando ya anwani, viungo vyake vyote vikawa salama. Maneno ya mgeni ikaamua kubaki nayo yenyewe. Na kuna sheria kwamba mgeni anayetoka kwenye nyumba yenye kufuli kwenda kwenye nyumba isiyo na kufuli haruhusiwi kubeba barua kabisa. Tovuti yangu haikuwa na kufuli. Wageni walikuwa walewale, wakitoka kulekule, ila walifika mikono mitupu. Na kile kidude, badala ya kukubali kwamba hakijui, kilifanya kama askari wa geti letu, ambaye akimkosa mtu kwenye kitabu chake humwandika kuwa ni mpangaji. Kila asiyejulikana alikotoka kiliandika amekuja moja kwa moja.

Kwa hiyo wageni wa Baba hawakuwa wa Baba. Walikuwa wale wangu wa zamani, wa panya na wa sofa, waliopotezewa majina njiani.

Nilinyamaza wiki tatu. Nilijiambia sijahakikisha, halafu nikajiambia naogopa kumchanganya mzee. La kweli ni kwamba niliona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha maana ya mstari ule, na nilimfundisha uongo kwa sauti ya mtu anayejua. Lakini mafundi walizidi kulalamika, na kufuli lenyewe linapatikana bure, kazi ya alasiri moja. Nikaifunga tovuti kufuli. Barua zikaanza kufika tena. Maneno hayakurudi, lakini injini ya kutafuta ikarudi kwenye mstari wake, na ule mstari wa "moja kwa moja" ukabaki mifupa.

Baba aliuona kabla yangu. Nilimkuta mezani asubuhi, miwani usoni, simu yangu mkononi.

"Mama, watu wangu wameenda wapi?"

Nikamweleza yote, kufuli, barua na askari wa geti. Alisikiliza kama anavyosikiliza mteja anayetaka ng'ombe wa rangi ya buluu, bila kukatiza.

"Kwa hivyo hukujua, na ukasema unajua," alisema nilipomaliza.

"Ni hicho kidude kilichosema, Baba."

"Nacho kililetwa hapa nyumbani na nani?"

Naye hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Alizunguka na kikombe chake hadi dirishani, akarudi, akauliza kama kuna njia ya kuwajua wageni wa ukutani na kuwatenga na wengine. Yeye kila ukuta anaotia rangi huutia sahihi kwenye kona ya chini kulia, mchoro wa brashi ndogo yenye nywele tatu, ili akipita baada ya miaka ajue ni wake hata rangi ikipauka. "Na anwani yako itiwe sahihi," akasema. Nikamwelewa papo hapo, nikashangaa kwamba wazo hilo halikuwa langu. Tungeongeza mkia mwishoni mwa anwani, kila ukuta na mkia wake: wa Burma umalizike kwa burma, wa Pipeline kwa pipeline, na ule wa kwanza vilevile kwa jina la mtaa wake. Mgeni akiandika mkia huo, hakuna kubahatisha tena, ametoka ukutani.

Alimpigia kaka siku hiyohiyo. "Nipe wiki mbili. Kuta zikikosa watu, uje na pick-up Jumamosi ya pili."

"Na ziking'ang'ana?" kaka akauliza.

"Usiponielewa sasa, sitakufundisha kwa simu."

Tukazunguka na ngazi siku mbili. Wiki ya kwanza ukuta wa Tena ulileta wageni wawili, mmoja wao nikiwa mimi ninayejaribu kama mkia unafanya kazi. Burma haikuleta mtu. Pipeline haikuleta mtu. Baba alikula chakula chake bila kuuliza chumvi iko wapi, naye huuliza kila siku.

Jumatano ya wiki ya pili mkia wa Burma ulishtuka. Watu arobaini na zaidi ndani ya saa moja. Baba aliposikia alisimama, akaketi, akasimama tena, akataka nimpigie kaka. Nikasema tungoje kidogo, na akaniambia mimi tangu utotoni nina moyo wa kuchelewesha sherehe. Alimpigia mwenyewe.

Lakini mimi niliitazama ile saa moja. Ilikuwa kati ya saa tisa na saa kumi, wakati Burma hakuna biashara, wateja wa mchana wameshakula na wa jioni hawajafika. Wote walifungua ukurasa, hawakusoma neno, wakatoka. Mmoja alifungua mara kumi na moja. Kesho yake nilienda sokoni nikijifanya nataka nyama ya kuchemsha.

Muuza nyama, yule ambaye ukuta ulikuwa ubavuni mwa bucha yake, hakungoja niulize. "Sister, uliona wageni tuliowaangushia? Tulisikia mzee atapelekwa ushago, kijijini kwenu, kama ukuta haisomwi. Tukaambiana, kila mtu atoe simu. Hata wateja wa choma tuliwaambia hakuna kuongezewa kachumbari kabla wafungue. Kuna mmoja hakuwa na bando ya intaneti, nikamwashia hotspot yangu." Alikuwa akinieleza kwa fahari, kama mtu aliyejaza ukumbi siku ya mchango. "Mzee akienda, nani atatuchorea ng'ombe?"

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno tayari, makali, kuhusu vipimo na kuharibu kazi ya watu. Hayakutoka. Pale mbele ya mizani nikamshukuru tu, naye akanitilia mfupa wa supu bila kuupima.

Baba aliniona ninavyoweka nyama mezani.

"Hao watu wa Burma," akasema, "walisoma nini?"

Ningeweza kusema uongo wa pili. "Hawakusoma kitu, Baba. Walifungua wakatoka."

Akatikisa kichwa taratibu. Alisema siku yule muuza nyama alipofungua bucha yake mara ya kwanza, yeye alienda akanunua kilo mbili ingawa nyumbani kulikuwa na nyama na Mama alimgombeza. Alinunua ili meza isionekane haina mteja. "Basi wamenirudishia," akasema, na akacheka kidogo. "Ni watu wazuri. Lakini mimi niliuliza kuhusu ukuta." Kisha akaniambia nimpigie kaka, aje Jumamosi kama tulivyosema. Akaenda kuosha brashi zake moja moja kwa mafuta ya taa, akazikausha, akazifunga kwenye gazeti. Sikuwahi kumwona akizifunga hivyo, zote pamoja.

Ijumaa asubuhi nilifungua kidude kwa ukaidi tu. Mkia wa Pipeline ulikuwa na mgeni mmoja.

Alikuja Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Hakutoka haraka. Alipitia orodha ya mafundi kurasa nne, kisha akaenda kwenye kile kisanduku kilicho juu ya tovuti ambapo mtu huandika fundi anayemtaka. Maneno ya kisanduku hicho hakuna injini inayoweza kunificha, kwa sababu mtu anakuwa ameshaingia kwangu na ananiuliza mimi. Mgeni huyo aliuliza mara tatu. Kwanza: "aliyeandika huu ukuta wa pipeline". Halafu: "fundi wa kuandika ukuta". Halafu, kama mtu anayekata tamaa: "mchoraji". Na mara zote tatu tovuti yangu ilimjibu kwa adabu niliyoifundisha mwenyewe: Samahani, hatuna fundi wa kazi hiyo.

Nilikuwa nimeorodhesha kila mtu. Nilimwandika anayenoa visu kwa baiskeli, nilimwandika mama anayefumua sweta kuukuu na kuzifuma upya, nilimwandika hata yule fundi wa redio, kwenye redio. Baba yangu sikumwandika. Ningependa kusema nilisahau kwa sababu mtu hamfikirii baba yake kama fundi. Lakini nilipojiuliza sawasawa niliona kwamba mimi na kaka tulikuwa tumekubaliana bila kuongea. Nami niliamini kazi yake imekwisha, ila mimi nilikuwa nikimshikia ngazi.

Alikuwa chumbani, anakunja mashati. Nikaketi kitandani nikamsomea yale maneno matatu. Akaniambia niyarudie, nikayarudia.

"Mara tatu?"

"Mara tatu, Baba."

"Na alijibiwa nini?"

Nikamwambia alichojibiwa. Niliomba msamaha, na nilikuwa nalia, kitu ambacho yeye hakipendi. Alilitazama begi, akanitazama mimi, akafikiri.

"Anayeuliza mara tatu ni mteja," akasema. "Atarudi. Ukuta bado uko pale. Wewe andika."

Nikafungua ile fomu ninayowajazia mafundi wote, simu ikiwa juu ya goti, nikaanza kumuuliza kama ninavyowauliza wengine, maana sikujua namna nyingine ya kufanya. Kazi yake. Akaitaja yote, na ng'ombe wakiwemo. Miaka aliyoifanya. Akahesabu kutoka mwaka aliooa. Sehemu anazofika. Akasema popote penye ukuta, kisha akasahihisha, popote ngazi inapofika.

"Siku unazopatikana?"

"Jumatatu hadi Jumamosi."

Nilisita, kidole kikiwa juu ya simu. "Na Jumamosi hii?"

"Umenisikia nikisema Jumamosi hii sipo?"

Nikaandika Jumatatu hadi Jumamosi, nikabonyeza, nikatoka nje kumpigia kaka kabla hajaijaza mafuta ile pick-up.